MTOTO HUYU SI LAANA

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Somo: Yohana 9:1-38, 2 Samweli 9
Mhubiri: Mchungaji Msaidizi



Fungua Biblia yako Yohana sura ya 9. Yesu anapita njiani, anamwona mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona. Kabla mtu yeyote hajamsalimia huyo ndugu, wanafunzi wana swali: nani alikosea hapa, ni yeye au ni wazazi wake? Angalia vizuri. Mtu mwenyewe ameketi hapo hapo, na kipofu si kiziwi. Anasikia wanavyomjadili kama mzigo uliopotea kwa stendi.

Swali hilo halijaisha. Tunaliuliza hapa Kenya, tena ndani ya makanisa yanayonena kwa lugha. Mtoto amefika miezi kumi na bado hawezi kuketi. Shosho anauliza kwa upande wa mama kuna nini. Baba anasema, "Kwetu hatujawahi kuona hii kitu." Jirani ananong'ona kwamba huyo mama lazima kuna jambo alifanya akiwa msichana. Halafu anatokea mtu kwa simu anayejiita nabii, anataka elfu tano kwa M-Pesa ndipo avunje madhabahu ya ukoo.

Katika huduma nimeketi na wazazi wa watoto wa aina hii. Wengine wamebeba karatasi ya maabara yenye maneno ambayo hakuna mtu amewaelezea: kromosomu namba fulani, kipande fulani, kimeongezeka. Wanakunja karatasi, wanaiweka ndani ya Biblia, na wanauliza: "Pasta, hii ni adhabu?" Mimi nilisomea biashara, si udaktari. Lakini mchungaji hawezi kujibu swali la kondoo kwa kukisia. Kwa hiyo leo tutajifunza kidogo, halafu tutarudi kwa Neno. Tuko pamoja?

KWANZA: TUELEWE KILICHOTOKEA

Mwili wako umejengwa kwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna kromosomu 46, zilizopangwa jozi 23. Nusu umepewa na mama, nusu na baba. Kwa zaidi ya miaka thelathini wasomi waliamini ni 48, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walipohesabu upya huko Sweden wakapata 46. Mungu alikuwa ameziweka 46 wakati huo wote, ni sisi tuliokuwa tukihesabu vibaya.

Chukulia kromosomu kama vitabu vya maagizo. Kila kitabu kina jeni nyingi, na kila jeni ni agizo la kazi fulani mwilini. Ugonjwa mnaoufahamu zaidi wa upande huu ni ule wa Down. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake Ufaransa walionyesha kwamba watu wenye hali hiyo wana kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili. Hapo kitabu kizima kimeongezeka.

Lakini kuna hali nyingine ambazo kitabu kizima hakijaongezeka. Ni kurasa chache tu zimenakiliwa mara mbili. Wafanyabiashara, nyinyi mtanielewa haraka. Karani akiingiza oda moja mara mbili kwa daftari, kosa ni la mstari mmoja tu. Lakini siku lori linafika na mzigo mara mbili, stoo haitoshi, pesa za msambazaji hazitoshi, na kila kitu kinachelewa. Mwili nao uko hivyo. Jeni nyingi zinahitaji kipimo. Chumvi ni nzuri, lakini weka vijiko viwili mahali pa kimoja uone kama kuna mtu atamaliza huo mchuzi.

Nichukue mfano mmoja. Kuna hali inaitwa Potocki-Lupski, jina la madaktari wawili wa Houston, Marekani, Lorraine Potocki na James Lupski. Mwaka 2000 walieleza kilichotokea ndani ya kromosomu, na mwaka 2007 wakaeleza kwa upana jinsi watoto hao walivyo. Kipande cha kromosomu ya 17 kimerudiwa. Kwa wengi wao kipande hicho kina herufi kama milioni 3.7, kati ya herufi bilioni 3 hivi za maandishi yote ya mwanadamu. Ni kidogo sana ukilinganisha. Lakini ndani yake kuna jeni inayoitwa RAI1, na hiyo haipendi kuzidishwa. Wala haipendi kupunguzwa. Mtoto aliyepoteza kipande hicho hicho anakuwa na hali nyingine kabisa, inayoitwa Smith-Magenis.

Mama atamwonaje mtoto huyu? Anazaliwa mwili ukiwa mlegevu. Ananyonya kwa shida, anachoka haraka, pengine anapaliwa. Uzito haupandi. Anachelewa kuketi, anachelewa kutembea, na kuongea ndiko kunachelewa zaidi. Wengine wanakatikiwa na pumzi usingizini. Wengine wanazaliwa na hitilafu ya moyo. Wengine wana tabia zinazofanana na usonji: hakutazami machoni, kelele zinamsumbua, anarudia jambo lile lile. Na hawafanani. Mmoja atahitaji msaada mwingi maisha yake yote, mwingine ataingia darasani akiwa mpole tu na mwenye kuchelewa kidogo.

Ziko hali nyingine. Kipande cha kromosomu ya 15 kikizidi, kifafa ni jambo la kawaida na maendeleo yanachelewa. Kipande cha kromosomu X chenye jeni ya MECP2 kikizidi, wanaoumia zaidi ni wavulana: mwili mlegevu, kifua kinachorudi rudi, kifafa. Kipande kimoja cha kromosomu ya 16 kikizidi, mtoto anaweza kuwa mwembamba sana hata kama anakula. Kila moja ya hali hizi ni nadra. Ukiziweka zote pamoja, si watoto wachache.

PILI: NANI ALIKOSEA?

Sasa turudi kwa swali la wanafunzi, kwa sababu ndilo linalovunja ndoa.

Wakati yai la mama au mbegu ya baba inatengenezwa, kromosomu za jozi moja hukaa bega kwa bega na kubadilishana vipande. Huo ni mpango mzuri wa Muumba. Ndiyo sababu watoto wako wanne wana sura nne. Lakini kuna sehemu za kromosomu zenye maandishi yanayofanana sana, na hapo jozi inaweza kujipanga ikiwa imeteleza kidogo. Wakibadilishana, upande mmoja unaondoka na kipande cha ziada na upande mwingine unabaki na pengo. Yote haya yanatokea kabla mimba haijatungwa. Hakuna mtu anayeyaona wala kuyahisi.

Kwa Potocki-Lupski, mara nyingi sana jambo hili ni jipya kabisa kwa mtoto. Ukimpima mama, hana. Ukimpima baba, hana. Mama hakukitengeneza kwa kubeba mtungi, wala kwa kukasirika, wala kwa kula hiki na kuacha kile. Baba hakukileta kwa dhambi ya babu yake.

Kwa hali nyingine, kipande kinatoka kwa mzazi. Kuna wenye nakala ya ziada ya kipande cha kromosomu ya 22 wanaoishi, wanafanya kazi, wanaimba kwaya, na hawajui wanayo mpaka mtoto wao apimwe. Hapo pia hakuna hatia. Kupitisha jambo usilojua unalo si dhambi. Umempa mtoto pua yako bila kupanga. Hata hii hukuipanga.

Ndugu, nisikilize kwa makini. Ikiwa umemwambia mke wako, "Hiyo ni ya kwenu," kisayansi huna ushahidi, na kimaandiko huna ruhusa. Soma Ezekieli 18 sura yote ukifika nyumbani, uone Mungu anavyokataa mtindo wa kumlipisha mwana deni la baba. Na Yesu mwenyewe, wanafunzi walipompa majibu mawili ya kuchagua, hakuchagua hata moja. Alisema si huyu wala si wazazi wake. Aligeuza macho yao kutoka kwa kutafuta mshtakiwa, akawaelekeza kwa kazi ya Mungu inayotakiwa kufanyika kungali mchana. Halafu akainama, akachukua udongo, akaanza kazi.

Wanafunzi walitaka maelezo. Yesu alichafua mikono. Mwambie jirani yako: "Acha kesi, shika kazi."

TATU: WAZAZI WALIOOGOPA IBADA

Kuna watu kwenye sura hii huwa tunawaruka: baba na mama wa yule kijana. Mafarisayo wanawaita na kuwauliza maswali. Jibu lao ni fupi na la tahadhari. Ndiyo, ni mtoto wetu. Ndiyo, alizaliwa hivi. Mengine muulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Kwa nini wanajibu kama watu walio kortini? Mstari wa 22 unaeleza: waliogopa kufukuzwa kutoka sinagogi.

Wamelea mtoto kipofu tangu utotoni hadi amekuwa mtu mzima, na wanachokiogopa zaidi ni watu wa ibada.

Kanisa, hapa ndipo Neno linatuchoma. Kuna mama hapa mtaani anakuja ibada peke yake kila Jumapili, na mtoto wake wa miaka sita amefungiwa nyumbani na dada yake. Haji naye kwa sababu mara ya mwisho alipopiga kelele wakati wa mahubiri, watu waligeuka kumtazama. Au mtu alimwekea mkono kichwani bila kuomba ruhusa na kuanza kukemea pepo, mtoto akiogopa, akilia, na mama akiwa amesimama hapo na aibu ambayo si yake.

Sisi ni kanisa linaloamini uponyaji. Siondoi neno hata moja. Nimeona Mungu akiponya na nitaendelea kuomba. Lakini maombi si kipimo cha kumpimia mama imani. Mtoto akiombewa mara saba na bado haongei, usimwambie mama yake kuna kitu anaficha. Na usimwite mtoto pepo kwa sababu hakutazami machoni.

Na tena, hakuna mtu katika kanisa hili aliyetumwa kuuza maombi. Mtu akikuambia panda mbegu ya elfu kumi ili kromosomu zibadilike, zima simu. Hizo elfu kumi ni nauli ya kliniki kwa miezi kadhaa.

Jambo lingine ambalo ni la kufa na kupona: usimwachishe mtoto dawa za kifafa kwa sababu umeombewa. Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokoma, na mtoto anaweza kufa. Ukiamini ameponywa, ashukuriwe Mungu, mrudishe kwa daktari na daktari ndiye aamue kuzipunguza. Yesu aliwatuma wenye ukoma kwenda kujionyesha kwa kuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kuchunguzwa.

NNE: MEZA HAIKUNGOJA MIGUU IPONE

Twende 2 Samweli 9. Mefiboshethi ni mwana wa Yonathani, mjukuu wa Sauli. Sura ya 4 inasimulia kwamba alikuwa na miaka mitano habari mbaya zilipofika, yaya akamchukua akakimbia, mtoto akaanguka, miguu yake yote miwili ikalemaa. Hakuna aliyepanga. Hakuna laana. Ni jambo lililotokea.

Anakua Lo-debari, mbali na ikulu, kwa nyumba ya mtu mwingine. Daudi anapomtafuta, Siba anamtambulisha kwa ulemavu wake kabla hata ya kumtaja jina. Je, sisi hatufanyi hivyo? "Yule mama wa yule mtoto mgonjwa." Daudi yeye anamwita kwa jina.

Halafu anamrudishia mashamba ya babu yake na kumpa kiti mezani, kula pamoja na wana wa mfalme. Sasa tazama mstari wa mwisho wa sura. Mwandishi anatuambia alikula mezani pa mfalme siku zote, na hapo hapo anatukumbusha alikuwa kilema miguu yote miwili. Hadithi inaisha na miguu iko vile vile. Lakini kiti kiko. Mashamba yako. Jina liko. Daudi hakusema, "Pona kwanza, halafu uje ule."

Nikiwa nasoma habari za Daktari Lupski niliyemtaja, nilikutana na jambo lililonigusa. Yeye mwenyewe ameishi na ugonjwa wa neva wa kurithi unaodhoofisha miguu na mikono, unaoitwa Charcot-Marie-Tooth. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waliogundua kwamba aina inayopatikana zaidi ya ugonjwa huo inasababishwa na kipande cha kromosomu ya 17 kilichorudiwa. Lakini yake ilikuwa aina tofauti. Chanzo chake kilijulikana mwaka 2010, baada ya maandishi yote ya mwili wake kusomwa. Alitafuta miaka mingi, na njiani akafungua mlango kwa watoto wa watu wengine. Kama mtu angemwambia akiwa mdogo kwamba miguu dhaifu maana yake hana kazi duniani, tungekuwa tumepoteza nini?

Sisemi kila mtoto atakuwa daktari. Wengine hawatawahi kusema neno moja. Kiti chao mezani hakitegemei watakachozalisha. Mimi nilifundishwa kukokotoa faida, na ninawaambia, mtu hakokotolewi hivyo. Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 12 kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Hakusema tuvivumilie. Alisema tunavihitaji.

TANO: LA KUFANYA WIKI HII

Luka anatuambia Yesu alikua katika hekima na katika kimo. Mwana wa Mungu alikua polepole, hatua kwa hatua, na kuna mtu aliyekuwa akimtazama akikua. Basi na sisi tutazame watoto wetu.

Wazazi: usiache kliniki. Lete kile kijitabu cha mama na mtoto kila safari, na uangalie mstari wa uzito. Ukilala au ukishuka, uliza sababu. Mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe akifika miezi tisa, au asiyetembea akifika miaka moja na nusu, usikae nyumbani ukisikia "hata baba yake alichelewa." Mpeleke akaangaliwe. Kipimo cha damu cha kromosomu ni ghali na si kila familia itakipata, lakini mazoezi ya viungo, msaada wa kulisha na mafunzo ya kuongea hayangoji karatasi. Yaanze mapema. Kila mwezi una maana.

Akikaribia umri wa shule, mpeleke kwa kituo cha serikali cha tathmini ya elimu maalum, kile walimu wanakiita EARC. Mwandikishe pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa, kupata elimu, na kutoitwa kwa majina ya kumdhalilisha. Basi maneno kama "zezeta" yaishe vinywani mwetu.

Akina baba: rudi nyumbani. Nenda naye kliniki hata mara moja kwa mwezi, umbebe wewe. Mtoto wa miaka mitano mwenye mwili mlegevu ni mzito, na mgongo wa mama si wa chuma.

Kanisa: wale watu wanne wa Marko 2 hawakumpa mgonjwa ushauri, walishika kitanda. Ushirika wa nyumbani unaweza kuchanga nauli. Dada wawili wanaweza kukaa na mtoto Jumamosi mama alale saa tatu. Walimu wa Sunday school, mtoto akija anayepiga kelele au asiyeweza kuketi, mtengenezee nafasi, uliza mama yake anapenda nini. Mashemasi, ngazi za mlango wa mbele zinahitaji mteremko wa kiti cha magurudumu. Hilo si jambo la kuombea, ni la saruji.

Yule aliyekuwa kipofu, wakuu walipomfukuza, Yohana anasema Yesu alisikia, akaenda kumtafuta. Kama ulitolewa mahali kwa sababu ya mtoto wako, au uliondoka mwenyewe kwa aibu, Yesu anakutafuta. Na Jumapili ijayo, njoo na mtoto. Akipiga kelele, apige. Hata sisi hupiga kelele hapa.

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyetupa. Ulimwona kabla hajaonekana, na hakuna ukurasa wake uliosomwa bila wewe kujua. Ponya, Bwana, tunaomba bila aibu. Wape wazazi nguvu za leo, na baraka ya kulala usiku. Waondolee mzigo wa hatia ambao hukuwapa. Utusamehe kama kanisa kila tulipouliza nani alikosea badala ya kuuliza tubebe wapi. Katika jina la Yesu, amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini wazazi katika Yohana 9:18-23 walijibu kwa tahadhari? Je, kuna mzazi katika eneo letu mwenye hofu kama hiyo?
2. Soma 2 Samweli 9:13. Inatufundisha nini kuhusu mtu ambaye tumemwombea na hali yake haijabadilika?
3. Taja familia moja iliyo karibu nanyi yenye mtoto anayehitaji msaada. Wiki hii ni nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini?